Jino la Mwalimu wa Kwaya

Mogire alikuwa ameshafunika cherehani yake na kuvaa viatu vya safari, mkewe Bochaberi alipomzuia mlangoni.

“Baba Lynnet, unakwenda wapi na makambi ndiyo haya yamefika?”

“Migori. Jino limenishinda.”

Lilikuwa gego la chini, la mwisho kabisa upande wa kushoto. Lilianza na tundu dogo ambalo ulimi ulipenda kulitembelea, na sasa lilikuwa limeoza mpaka ndani. Kwa miezi mingi Mogire alikuwa akitafuna upande mmoja tu, akinywa chai iliyopoa, akiamka asubuhi ameshika shavu. Wiki hiyo maumivu yalikuwa yamepanda hadi sikioni.

Bochaberi aliyaona hayo yote. Lakini aliona na jambo jingine.

Mumewe alikuwa fundi nguo sokoni Sori, Mkisii aliyehamia kule ziwani akiwa kijana. Hata hivyo watu wachache walimjua kwa suruali alizoshona. Walimjua kwa sauti. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao la Waadventista, na akianza ubeti peke yake, nene na taratibu, hata watoto waliokuwa wakichezea mchanga nje walinyamaza. Mwaka huo kwaya yao ilikuwa imealikwa kuimba kwenye makambi ya Kendu Bay, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka. Na kaka yake Bochaberi, Kerosi, alikuwa amepiga simu kusema kwamba atakuwepo.

Kerosi ndiye aliyesimama badala ya baba yao siku ya posa. Alimtazama Mogire kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akauliza mbele ya wazee kama kweli mwanamume anaweza kulisha mke kwa ncha ya sindano. Wazee walicheka. Bochaberi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, hakucheka, na kicheko hicho hakikumtoka masikioni tangu siku hiyo. Kerosi hakuwahi kukanyaga Sori. Sasa angeketi kwenye kiti, asikie mwenyewe.

“Ukitolewa jino leo, taya litavimba,” Bochaberi alimwambia mumewe. “Utafungua mdomo vipi mbele ya watu wote wale? Vumilia mpaka Sabato ipite. Makambi yakiisha, nitakupeleka mwenyewe.”

“Na likizidi?”

“Litazidi nini? Jino ni jino.”

Mogire alisimama kidogo akivitazama viatu vyake. Hakuwa mtu wa kubishana mlangoni. Aliinama, akavivua viatu, akarudi kwenye cherehani.

Bochaberi alijitahidi kumtunza, na hilo lazima lisemwe. Alimchemshia maji ya chumvi ya kusukutua. Alimsagia karafuu akamwekea kwenye tundu. Alimnunulia dawa za maumivu, na zilipoonekana hazifui dafu, akakumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyosalia binti yao Lynnet alipopona kidonda cha mguu. Vilikuwa vichache. Mogire alivimeza vikaisha upesi, wala hakuna aliyeuliza kama vilitosha au vilikuwa vya ugonjwa gani.

Kisha, asubuhi moja, maumivu yakaondoka. Mogire aliligonga lile gego kwa ukucha, akaligonga tena, akatabasamu.

“Limenyamaza kabisa. Limekufa.”

“Si nilikwambia?” Bochaberi akasema. Siku hiyo, kwenye kibanda chake cha nafaka sokoni, aliwapimia wateja dengu kwa mkono wa ukarimu, akiimba.

* * *

Walifika Kendu Bay Ijumaa mchana na kupewa madarasa ya shule ya kulala, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Jioni, chakula kilipoandaliwa, Mogire aliumega ugali, akauzungusha mdomoni, akautoa kwa siri na kuufunga kwenye kitambaa.

“Huna njaa?” Bochaberi alimuuliza.

“Koo limekaza kidogo. Ni vumbi la barabara.”

Asubuhi ya Sabato Bochaberi alimkuta ameketi kwenye dawati, ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. Hakuwa amelala. Kila alipojinyoosha alihisi kama mtu anamkaba. Chini ya taya, palipokuwa na shimo laini alilolijua vizuri mkewe, palikuwa pamejaa. Uvimbe ulikuwa umevuka kidevu na kwenda upande wa pili, ngozi imekaza na kung’aa. Bochaberi alipagusa. Hapakubonyea. Palikuwa pagumu kama ubao, na pa moto.

Mzee Omanga, mwimbaji wa besi na mwenyekiti wa kwaya, aliingia kumwita mwalimu wake kwenye mazoezi. Alitazama mara moja tu.

“Mwalimu, hii kitu si ya kuchezea. Hospitali iko. Wacha mimi nishike kwaya leo, wewe uende uonekane.”

Mogire aligeuza macho kwa mkewe. Si kichwa, kwa maana shingo haikugeuka; macho tu.

“Mzee Omanga,” Bochaberi alisema, “hiyo nafasi umeitaka siku nyingi. Ngoja basi mwenyewe afe ndipo uichukue.”

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Yule mzee alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

“Sawa, mama. Nyasaye Mungu ndiye anajua,” alisema, akatoka.

Bochaberi alichukua skafu yake ya samawati, akaizungusha shingoni mwa mumewe, akaifunga vizuri mpaka uvimbe usionekane. Mogire alimwachia afunge. Alisema neno, na Bochaberi akalazimika kumwomba alirudie, maana lilitoka limeviringika, kama la mtu aliyejaza ugali mdomoni.

“Wimbo mmoja tu,” ndilo alilosema. “Halafu twende.”

Hema lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama pembeni. Kerosi aliketi mbele, kofia juu ya goti, mwanamume mnene mwenye sura ya kutathmini, kama vile kila alichokitazama ni mkungu wa ndizi. Biashara yake ilikuwa ndizi; alizitoa Kisii kwa pikapu na kuziuza Homa Bay. Bochaberi alipokutana naye macho, aliinua kidevu.

Mogire akasimama mbele ya kwaya, akanyanyua mkono. Ubeti wa kwanza ulikuwa wake peke yake.

Mdomo wake ulifunguka kiasi cha tundu la kifungo, ukakwama hapo. Kilichotoka kilikuwa mkoromo. Mate yakamchuruzika hadi kwenye skafu, naye hakuweza kuyameza wala kuyazuia. Watu wa mbele walianza kutazamana. Ndipo kutoka safu ya nyuma Mzee Omanga akaudaka ule ubeti, akauimba kwa sauti yake nzito ya besi, na kwaya ikamfuata. Mogire aliwaongoza kwa mikono mpaka neno la mwisho, kisha akashuka na kutokea upande wa nyuma wa hema.

Bochaberi alijaribu sana baadaye kukumbuka alihisi nini wakati ule. Ukweli ni kwamba hakuhisi hofu. Alihisi aibu. Alihisi macho ya kaka yake juu yake, akamkasirikia mumewe, akakaa pale pale kwenye kiti chake hadi sala ikaisha, ili watu wasidhani kuna jambo.

Alipomfuata, alimkuta ameketi juu ya jiwe nyuma ya hema, amelegeza skafu, mdomo wazi kidogo, mate yakidondoka mchangani. Pumzi yake ilikuwa na mlio kama filimbi iliyopasuka.

“Lala kidogo, Baba Lynnet. Lala nikupepee.”

Alimshika mabega amlaze. Mogire akakataa kwa nguvu ambazo mkewe hakujua bado anazo, akamsukuma mkono. Alipomletea maji, yalirudi yote puani, na macho yakamtoka.

“Mwache akae hivyo hivyo!”

Alikuwa Kerosi. Alikuwa amewafuata. Alimtazama shemeji yake kwa jinsi alivyomtazama siku ile ya posa, juu hadi chini, lakini safari hii hakuuliza kitu. Alipiga magoti kwenye mchanga na suti yake ya Sabato, akauweka mkono wa Mogire begani mwake, akamwinua.

“Huyu hangoji maombi,” alimwambia dada yake. “Leta mikoba. Tunaenda Homa Bay.”

* * *

Ndani ya pikapu Mogire aliketi katikati, ameinama mbele, mikono kwenye dashibodi. Kerosi aliendesha, macho barabarani. Bochaberi alipangusa mate ya mumewe kwa ile skafu, na kila gari lilipopiga shimo alisikiliza kama pumzi itarudi. Ilirudi. Ikakawia. Ikarudi.

Katika hospitali kubwa ya mjini hawakuambiwa wasubiri kwenye benchi. Muuguzi aliyekuwa mlangoni aliusikia ule mlio, akamwacha aliyekuwa akimhudumia. Mara wakawa wengi: mmoja na hewa ya mtungi, mmoja na sindano ya mkononi, na daktari wa meno, mwanamke mrefu aliyeitwa Adhiambo, akimulika ndani ya mdomo usiofunguka. Ulimi wa Mogire ulikuwa umeinuliwa na uvimbe hadi kugusa kaakaa.

“Usimlaze,” daktari alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia Bochaberi, bado ameshika tochi. “Mama, jino lilianza kuuma lini?”

“Kitambo, daktari.”

“Alipewa dawa?”

“Za maumivu. Na vidonge fulani vilivyokuwa nyumbani.”

“Akamaliza dozi?”

“Vilikuwa vichache.”

“Na hospitali je? Muda wote huo kwa nini hakuja?”

Kerosi alikuwa amesimama pale, jasho likimtiririka, akimtazama dada yake. Muuguzi naye alikuwa akimtazama. Mogire alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, barakoa ya hewa usoni, masikio yake wazi.

“Mwenyewe hakutaka,” Bochaberi alisema. “Anaogopa madaktari. Nimemwambia mpaka nimechoka.”

Alimwona Mogire akiinua macho. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri sentensi iendelee, akiamini kwamba bado haijaisha. Kisha wakakisukuma kitanda, na mlango ukafungwa.

Walimtoboa tundu kooni ili apitishe hewa, kwa sababu njia ya mdomoni ilikuwa imeziba. Walimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, na lile gego likang’olewa. Daktari Adhiambo alipotoka alikuwa amechoka, lakini alikaa kwenye benchi kando ya Bochaberi akamweleza, bila kumkaripia, na labda ingekuwa rahisi zaidi kama angemkaripia.

“Jino likiuma usiku na mchana, hapo ndipo mtu anakuja. Chumvi na karafuu zinatuliza, hazitibu. Maumivu yalipoisha, kilichokufa ni neva ndani ya jino. Usaha ulibaki, ukatafuta pa kwenda. Na uvimbe ukishashuka chini ya taya, mtu ashindwe kufungua mdomo, ashindwe kumeza mate yake mwenyewe, hiyo si habari ya jino tena, mama. Ni habari ya pumzi. Hapo hata saa moja ni kubwa.”

“Ataishi?”

“Nadhani ataishi. Mlifika. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.”

Bochaberi aliitikia kwa kichwa. Alifikiria ile sala ndefu iliyofuata wimbo, na yeye ameketi, mikono imekunjwa.

* * *

Mogire alikaa wodini na bomba kooni, haongei. Kerosi alikuja kila alipoleta ndizi mjini. Alimletea uji kwenye chupa, akamnyoa ndevu, akamkalia kitini na kumhubiria.

“Shemeji, mwanamume mzima unaogopa koleo la daktari? Mke anakwambia nenda, wewe unakataa? Ungetuachia mjane kwa sababu ya jino!”

Alisema kwa upendo, kwa kicheko cha mtu aliyepona hofu. Mogire alimsikiliza. Bochaberi, akikunja shuka lisilohitaji kukunjwa, alingojea mumewe atikise kichwa, au anyooshe kidole kwake. Hakufanya hivyo. Alifumba macho tu, akayaacha yamefumbwa mpaka Kerosi akaondoka.

Habari ilifika Kisii, ikafika Sori. Fundi Mogire anaogopa madaktari. Watu walikuja kumpa pole wakimtania kwa hilo, na Bochaberi akawakaribisha chai.

Bomba lilipotolewa na tundu la kooni likaziba, sauti ilirudi, lakini haikuwa ile. Ilikuwa kama mtu anaparuza ubao kwa msasa. Ilifaa kuagiza uzi na kuuliza mteja anataka suruali ya upana gani. Haikuweza kubeba noti hata moja. Lynnet, aliyekuwa darasa la tatu, alipoisikia mara ya kwanza alicheka akidhani baba anaigiza, kisha akaelewa, akaenda kulia chooni.

Kwaya ikashikwa na Mzee Omanga. Bochaberi alimwendea nyumbani kwake kuomba msamaha kwa neno alilomwambia Kendu Bay. Mzee alimpa kiti, akamwambia limepita. Lakini hakumwita tena “mama” kwa ule uchangamfu wa zamani. Alimwita “mke wa mwalimu”.

Walipokwenda kwa uchunguzi wa mwisho, Daktari Adhiambo alilitazama kovu, akamwambia Mogire aseme maneno machache, akasikiliza ameinamisha kichwa. Akasema koo limepona vizuri. Kuhusu sauti, hakutaka kuwadanganya. Hiyo ndiyo itakayokuwa.

Walitoka wakaketi kwenye ukuta mfupi nje ya lango, wakisubiri gari la kurudi. Ng’ambo ya paa za mabati ziwa lilionekana, jeupe kwa jua.

“Ulimwambia mimi ndiye niliyekataa,” Mogire alisema.

Hakuwa amelitaja hata mara moja. Bochaberi alikuwa ameanza kuamini kwamba hakusikia.

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Kerosi alikuwa pale. Niliogopa.”

“Mimi pia niliogopa.” Alitua kuvuta pumzi, kwa maana sentensi ndefu zilimchosha sasa. “Nilijua wananipeleka kukatwa. Nikadhani naenda kufa. Na jambo la mwisho nililolisikia kwako ni uongo juu yangu. Nami sina mdomo wa kujibu.”

Bochaberi alitaka kusema samahani, na akalisema, lakini lilitoka dogo mno kwa jambo lile. Mogire alilipokea kwa kuinamisha kichwa, kama anavyopokea kitambaa kisichotosha nguo aliyoagizwa.

“Jino ni langu,” akasema. “Na miguu ilikuwa yangu. Ningeweza kwenda Migori hata ungelala mlangoni. Kwa hilo sikulaumu sana. Ni lile lingine.”

“Nitamwambia Kerosi.”

“Usimwambie kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea.”

Alimwambia hata hivyo. Alipanda hadi Kisii peke yake, akamkuta kaka yake anapanga mikungu uani, akamweleza yote akiwa amesimama: viatu alivyomfanya mumewe avivue mlangoni, skafu, Mzee Omanga, kile kiti ambacho hakukiinukia. Alimweleza na sababu. Alimkumbusha swali lake la siku ya posa, na Kerosi, ambaye hakulikumbuka kabisa, alikaa juu ya kreti.

“Mimi nilisema hivyo?”

“Ulisema.”

“Na wewe umelibeba miaka yote hii.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Kwa hiyo kule wodini nilikuwa namhubiria mtu asiye na kosa. Na yeye amenyamaza tu.”

“Amenyamaza.”

Kerosi alifika Sori kwa mara ya kwanza maishani mwake wiki iliyofuata, na mkungu wa ndizi mbivu kwenye pikapu. Alikaa kwenye kibanda cha ushonaji tangu asubuhi. Alichomwambia Mogire, Bochaberi hakukisikia, na hakuna aliyemsimulia. Alijua tu kwamba tangu siku hiyo kaka yake hakupita Homa Bay bila kuteremka mpaka Sori, na kwamba suti zake zote sasa zilishonwa kwenye cherehani ile.

Wanakaa pale, wanaume wawili, wanaongea mambo ya siasa na bei ya mbolea. Bochaberi akiwa kwenye nafaka zake kibanda cha pili huwasikia: mmoja anaunguruma na kucheka, mwingine anakwaruza maneno machache, anapumzika, anakwaruza tena. Kerosi humsubiri amalize. Hamkatizi kamwe. Ndilo jambo ambalo Bochaberi alilitamani tangu siku ya harusi yake, kaka yake amsikilize mumewe hivyo. Mteja huja akamwita mara mbili kabla hajaacha kuwasikiliza, akageuka kumpimia dengu.